Mbinu ya Mmoja na Mbinu ya Wote

Katika chama chetu cha kompyuta hapa shuleni twajifunza lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Jambo liwatatizalo wengi ni tofauti kati ya mbinu ya kitu na mbinu ya klasi. Napenda kuwaeleza wenzangu jinsi nilivyolielewa.

Klasi ni kama fomu ya karo isiyojazwa. Kitu ni fomu iliyokwisha kujazwa jina la mtu. Sisi tuliandika klasi iitwayo Mwanafunzi. Kila mwanafunzi ana deni lake, basi mbinu deni() ni ya kitu: sharti kwanza umtaje mwenyewe, asha.deni() au okello.deni(). Lakini idadi ya wanafunzi wote si ya Asha wala si ya Okello. Hiyo ni mbinu ya klasi, nayo huitwa kwa jina la klasi, Mwanafunzi.idadi(). Alama yake ni neno static.

Mbinu main ya programu yetu nayo ni static, kwa maana programu ianzapo hakuna kitu kilichoundwa bado. Kwa hiyo ukiandika deni() peke yake ndani ya main, kompaila hukataa. Nayo ina haki: itajuaje unauliza deni la nani?

Hapo mwenzetu mmoja akashauri tuongeze static kila mahali ili kompaila inyamaze. Nikamwomba tujaribu kwanza kwa watu wawili. Tukamwandika Asha, aliyekwisha kulipa yote, deni 0. Kisha Okello, deni shilingi 200,000. Kompaila ikanyamaza kweli. Lakini tulipouliza deni la Asha, jibu likaja 200,000! Chumba cha kuwekea deni kilikuwa kimoja tu kwa klasi nzima, na deni la pili lilikuwa limefuta la kwanza.

Ndugu zangu, sote twajua mwanafunzi anayedaiwa karo huambiwa nini. Asha angalirudishwa nyumbani bila kosa, na mashine isingalisema neno.

Basi kabla ya kuandika static, jiulize: jambo hili ni la mmoja au ni la wote? Likiwa la mmoja, mtaje mwenyewe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lenye ukurasa mmoja kwa watu wote si daftari.