Bunduki Chumbani, Watoto Sebuleni

Mzazi aliyekulia Umoja, Kayole au Donholm, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kisha riziki ikamtupa Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini ya Minneapolis ambako Wakenya tumekuwa wengi hata Kiswahili husikika katika foleni ya dukani, hukutana na jambo ambalo malezi ya kwao hayakumwandalia. Siku anapompeleka mwanawe kwa daktari wa watoto kwa uchunguzi wa kila mwaka, daktari hupima urefu na uzito, huuliza habari za kiti cha mtoto garini, kofia ya baiskeli na king'ora cha moshi, kisha kwa sauti ile ile, bila ya kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, huuliza kama nyumbani mna bunduki, na kama imo, imefungiwa wapi, na risasi zake zimewekwa wapi. Mgeni hushtuka. Kwao swali hilo huulizwa na askari wa upelelezi, tena usiku, tena mlango ukiwa umekwisha kuvunjwa.

Daktari haulizi kwa udaku. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki milioni 393, idadi inayowapita watu wenyewe, na tangu mwaka 2020 risasi ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa nchi ile wenye umri wa mwaka mmoja hadi 19, zikizipita hata ajali za barabarani. Uchunguzi wa maoni wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wapatao milioni 4.6 walikuwa wakiishi katika nyumba zenye bunduki iliyojaa risasi na isiyofungwa kwa kufuli. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba nyumba iliyo salama zaidi ni ile isiyo na silaha kabisa. Walakini maadamu mwenye nyumba amekwisha kukata shauri la kuwa nayo, basi na aitoe risasi, aifunge bunduki kwa kufuli, na risasi azifungie mahali pengine. Sheria ya Minnesota, jimbo lenye mji wa Minneapolis, nayo humtia hatiani mtu aachaye bunduki yenye risasi pahala ambapo mtoto aliye chini ya miaka 18 aweza kuifikia.

Kufuli yenyewe si kitu cha gharama. Ni waya mnene uliovikwa plastiki, unaopenyezwa ndani ya bunduki mahali pa kupitia risasi, kisha ncha zake mbili zikakutanishwa na kufungwa kwa ufunguo. Waya ukiwamo, risasi haina pa kuingia. Tangu mwaka 1999 mradi uitwao Project ChildSafe, unaoendeshwa na chama cha wafanyabiashara wa bunduki wenyewe, umekuwa ukizigawa bure kupitia vituo vya polisi.

Wala tusidhani kwamba Wamarekani walilipokea swali la daktari kwa moyo mkunjufu. Mwaka 2011 jimbo la Florida, ambalo mwaka 1989 lilikuwa la kwanza kutunga sheria ya kumwadhibu aiachaye bunduki mikononi mwa mtoto, liligeuka na kutunga sheria nyingine ya kuwazuia madaktari wasiwaulize wazazi habari za silaha, na kesi yake haikwisha hata mwaka 2017, mahakama ya rufani ilipoamua kwamba daktari ana haki ya kuuliza. Wako pia walioona kwamba dawa ni kumfunza mtoto mwenyewe, na tangu mwaka 1988 chama cha wenye bunduki, NRA, kimekuwa kikiwafundisha wadogo wasimame, wasiguse, waondoke, wamwambie mtu mzima. Ni mafundisho mazuri, lakini mzazi asiyategemee. Katika utafiti uliofanywa Atlanta na kuchapwa mwaka 2001, wavulana 64 wa umri wa miaka minane hadi 12 waliachwa kwa makundi madogo ndani ya chumba ambamo bastola ya kweli, isiyo na risasi, ilikuwa imefichwa katika mtoto wa meza. Waliigundua 48, wakaishika 30, wakaifyatua 16. Na miongoni mwa walioishika au kuifyatua, zaidi ya asilimia 90 walisema kwamba walikwisha kufunzwa hadhari ya bunduki. Ikiwa hayo ni ya mvulana wa miaka kumi aliyefunzwa, seuze mtoto wa miaka mitatu ambaye kila akionacho hukipeleka kinywani?

Nyumbani Kenya mambo ni kinyume, na ukinyume huo una historia. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, ilitungwa mwaka 1953, hali ya hatari ya kupambana na Mau Mau ikiwa imekwisha kutangazwa, na katika kanuni za wakati ule Mwafrika aliyekutwa na bastola, hata risasi peke yake, aliweza kuhukumiwa kifo. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 kwa shtaka la kupatikana na bastola na risasi. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliizingira Nairobi katika msako wa Operesheni Anvil, na wazee wa Bahati na mitaa jirani waliotolewa majumbani mwao wakapekuliwa waliwarithisha watoto wao, na watoto wakawarithisha wajukuu, kanuni moja isiyoandikwa: chuma hakitajwi. Anayekitaja ama ni mwenye nacho ama ni mpasha habari, na hakuna mwenye akili atakaye kudhaniwa kuwa mmojawapo.

Kimya hicho kilifaa zamani. Siku hizi silaha zimo Eastlands kwa njia nyingi, na zilizo halali si chache. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba polisi wataishi miongoni mwa raia na kulipwa posho ya nyumba badala ya kubanwa katika kambi zao, na ingawa bunduki kubwa hurudishwa ghalani zamu ikiisha, wako maafisa wavaao kiraia ambao bastola hulala nao. Wako pia wafanyabiashara wenye leseni. Baada ya shambulio la Septemba 2013 katika jumba la maduka la Westgate, ambapo raia wenye bastola zao waliingia kuokoa watu, heshima ya leseni hiyo ilipanda sana mjini, hata Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i akaamuru wenye leseni wote wahakikiwe upya. Za haramu ndizo zile za kuchomwa moto hadharani, kama silaha 5,250 zilizoteketezwa Ngong mwaka 2016. Kwa hesabu ya jumla sisi tu mbali sana na Marekani, na Mungu atuweke huko huko. Ila hesabu ya taifa haimkingi mtoto wa chumba namba saba, ghorofa ya tatu, ambaye baba yake ni afande.

Hebu tukitazame chumba hicho. Pazia la maua limekigawa sehemu mbili: upande mmoja viti, televisheni na jiko la gesi, upande wa pili kitanda, na juu ya kabati sanduku la safari. Sanduku la chuma la kukazwa ukutani kwa boliti lingewekwa wapi, ilhali mwenye ploti hukataza hata msumari wa kutundikia kalenda? Basi bastola hukaa chini ya godoro au ndani ya sanduku lile la juu, na baba huamini kwamba urefu wa kabati ni ulinzi, kana kwamba hajapata kumwona mwanawe akipanda kitini, kutoka kitini hadi juu ya televisheni, akitafuta biskuti. Watoto wa jirani, ambao likizo ya Desemba hushinda humo wakitazama katuni, wanajua ilipo. Aghalabu mama zao hawajui.

La ajabu ni kwamba mama wa Eastlands si mzembe. Mafuta ya taa aliyoyatia katika chupa ya soda huyapandisha juu na kuwaonya watoto wa ploti nzima, si wake peke yao, wala hakuna jirani anayechukizwa. Lakini mama huyo huyo, akimpeleka bintiye alale kwa afande, hufungwa ulimi na staha, kwa kuwa kumhoji mwenye nyumba juu ya silaha yake huonekana ni kumtuhumu.

Kwa maoni yangu Kenya inafanya vyema kubana leseni, na nisingependa tuige wingi wa bunduki za Marekani hata kwa siku moja; bali lile swali la daktari, lililoulizwa bila kupaza sauti wala kukunja uso, ningependa tulichukue kama lilivyo. Lugha yetu haishindwi kulisema kwa adabu. Wake wa askari ninaowafahamu hawajapata kukasirika wakiambiwa: "Mama, hawa wangu ni watundu, hawaoni kitu wasikiguse, kile kifaa cha kazi cha baba kimefungiwa?" Lawama imewashukia watundu, mwenyeji amebaki na heshima yake, na jibu limepatikana.

Kitabu cha kliniki apewacho kila mama wa Kenya kina mahali pa uzito, chanjo na vitamini A. Wizara ya Afya ikiongeza mstari mmoja wa kuuliza habari za silaha iliyomo nyumbani, muuguzi atakuwa na ruhusa ya kuuliza, na mama hataonekana mtovu wa adabu. Na wewe mwenye ploti uliyepangisha afande, mruhusu atoboe ukuta matundu manne akaze sanduku lake. Atakapohama, atayaziba kwa saruji.