Barua Zisizo Zetu

Nilipokuwa darasa la nne, huko Muheza, nilikuwa na kazi moja isiyo na mshahara: kumsomea Bibi barua. Bibi hakujua kusoma. Watoto wake walikuwa wametawanyika, mmoja Mwanza, mwingine Dar es Salaam, na barua zao zilipitia sanduku la posta la shule. Asubuhi mwalimu mkuu anaita majina mstarini, unaenda mbele, unachukua. Nikifika nyumbani Bibi anakaa mkekani, ananyoosha miguu, ananiambia, "Haya mume wangu, fungua."

Nafungua, nasoma. Salamu ndefu, afya ya kila mtu kwa jina lake, ndipo lije dhumuni la barua. Siku moja baba mdogo wa Mwanza aliandika jambo la ndani ya ndoa yake. Nilisoma mpaka mwisho huku sauti inaisha yenyewe. Bibi alinyamaza kidogo, akaichukua ile barua, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akasema, "Hii hukuisoma wewe. Mimi nimeazima macho yako tu."

Mpaka leo sijamwambia mtu kilichoandikwa mle, na hapa pia sisemi. Nimeanza na barua hiyo kwa sababu miaka michache iliyopita nilimsomea mtu mwingine barua, na safari hii hakuna aliyeazima macho yangu. Niliyatoa mwenyewe.

Ilianza kwa simu ya saa nne usiku. Dada yangu anakaa Tanga, mumewe ni dereva wa malori ya masafa, anapeleka mizigo Lubumbashi na kurudi. Safari moja inaweza kula wiki tatu, foleni za mipakani zikiamua hata zaidi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Uko peke yako?"

Mtu akikuuliza hivyo usiku, ujue kuna jambo. Dada alisema anataka awe anaona meseji za shemeji yangu, zote, kama zinavyoingia. Kisha akakiri kwamba ameshaliwa shilingi elfu arobaini. Kuna mtu alijitangaza mtandaoni kwamba ukimpa namba tu ya simu, anakuunganishia WhatsApp ya mwenzi wako. Dada akatuma pesa. Yule mtu akataka elfu thelathini nyingine "ya kufungulia mfumo". Alipokataa, akafungiwa yeye.

"We si ndiyo kazi yako hiyo ya kompyuta?" akaniuliza. "Inawezekana au haiwezekani?"

Nilimjibu kitaalamu, na nilijisikia raha kidogo kuulizwa. Nikamwambia yule alikuwa tapeli, na kila anayesema namba inatosha ni tapeli. Tangu Aprili 2016, WhatsApp inafumba meseji mwisho hadi mwisho. Maana yake, meseji inafumbwa ndani ya simu ya mtumaji na kufumbuliwa ndani ya simu ya mpokeaji. Ufunguo unakaa kwenye simu zenyewe. Katikati, kwenye minara, kwenye nyaya, hata kwenye kompyuta za kampuni yenyewe, kinachopita ni vurugu tupu ya herufi. Kampuni inaweza kujua nani kamwandikia nani na saa ngapi. Maneno yenyewe haiyaoni.

Nikampa na mfano mkubwa, maana mtu ukianza kujisikia mtaalamu huishii njiani. Oktoba 2019 WhatsApp iliishitaki kampuni ya NSO Group ya Israel katika mahakama ya Marekani, ikidai kwamba simu na vifaa vipatavyo 1,400 vilishambuliwa kwa programu yake ya upelelezi iitwayo Pegasus. Desemba 2024 jaji aliamua kwamba NSO inawajibika. Hawa ni watu ambao wateja wao ni serikali, na pesa si tatizo kwao. Lakini hata wao hawakulivunja fumbo. Walichofanya ni kuingia ndani ya simu yenyewe, pale ambapo meseji imeshafumbuliwa na inasomeka kama gazeti.

Dada alisikiliza yote. Halafu akauliza swali moja tu, la mtu aliyeelewa kuliko mwalimu.

"Kwa hiyo shida ni kuishika simu?"

Nikanyamaza. Ndiyo, shida ni kuishika simu tu. Kufuli zuri sana limewekwa njiani, lakini barua ikifika nyumbani inafunguliwa na kuachwa mezani. Serikali inahitaji mamilioni ya dola kufika kwenye ile meza. Mke amelala futi mbili kutoka hapo.

Idd ile nilikwenda Tanga. Tulikula pilau, shemeji akalala kwenye kochi, simu yake ikiwa ukutani inachajiwa. Dada alijua namna ya kuifungua: mchoro kama herufi Z, kila siku aliuona ukichorwa. Alichokuwa hajui ni hatua zinazofuata. Mimi nilizijua. WhatsApp ina njia halali ya mtu kutumia akaunti yake kwenye kifaa cha pili, kompyuta au tableti, na kifaa hicho kikishaunganishwa kinapokea meseji hata kama simu yenyewe iko mbali. Niliiunganisha na tableti ya mtoto wao, ile ya katuni. Ilichukua dakika mbili. Shemeji alikuwa anakoroma taratibu, usingizi wa mtu aliyeendesha kutoka Tunduma.

Nilijiambia kwamba sikufanya udukuzi wowote. Nilimsaidia dada. Ni mume wake. Hakuna kilichovunjwa.

Sheria nilikuja kuisoma baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika. Ndivyo tulivyo wengi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza mtu kuingia kwa makusudi na bila uhalali katika mfumo wa kompyuta, au kusababisha uingiwe. Angalia hilo "kusababisha". Mle kuna nafasi ya aliyefanya na nafasi ya aliyeagiza, yaani mimi na dada yangu tumeenea bila kubanana. Adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 6 kinakataza kunasa mawasiliano yasiyo ya kwako, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 nayo ina kosa la aina hiyo. Nilipekua nikitafuta maneno "isipokuwa mke" au "isipokuwa mume". Sikuyaona.

Kilichonichoma zaidi ni Katiba. Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Unyumba na mawasiliano vimewekwa pamoja, kwenye ibara moja. Mimi nilikuwa nadhani kwamba unyumba ndio unaofuta siri ya mawasiliano, kwamba mkishaoana simu zinakuwa moja. Walioandika waliviona vyote viwili kama vitu vinavyostahili mlango. Na ibara hiyo hiyo inataka hata dola ikitaka kuingilia, iwe kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Dola inahitaji utaratibu. Mimi nilihitaji pilau na usingizi wa mtu.

Sasa, najua wewe msomaji unangoja kuambiwa kilichoonekana. Kila niliyemsimulia aliuliza hivyo hivyo: "Akamkuta na mwanamke?" Hapana. Labda ingekuwa rahisi zaidi. Kwa mwanamke mwingine tuna maneno, tuna vikao, tuna wazee wa kuita.

Dada alikuta mumewe anamwandikia kaka yake aliyeko Morogoro. Mwaka ule dada alikuwa amepoteza mimba, ya pili kuharibika. Shemeji alimwambia kaka yake kwamba anaogopa kurudi nyumbani. Kwamba mkewe analia usiku akidhani yeye amelala, na yeye anajifanya amelala kwa sababu hajui aseme nini. Kwamba safari nyingine anaziomba mwenyewe kwa tajiri, hata zile zisizo zamu yake. Kwamba tumbo linamuuma, amepimwa njiani akaambiwa ni vidonda, na hataki mkewe ajue maana ana ya kwake ya kutosha.

Dada alisoma hayo jikoni, kwenye tableti yenye stika za paka. Alinipigia, hakulia. Alisema, "Kumbe anajua." Kisha akasema neno ambalo nimelifikiria sana: "Sasa namjibu vipi?"

Hapo ndipo tofauti ilipo. Barua ya Bibi ilikuwa ya Bibi. Baada ya kuisoma aliweza kuijibu, na aliijibu kweli, mimi nikiwa mwandishi. Barua ya kuchungulia huwezi kuijibu. Unaishi nayo tumboni. Dada alijua jambo kubwa kuliko yote juu ya mumewe, na ndilo jambo pekee ambalo hakuruhusiwa kulitaja.

Akaanza kujibu kwa vitendo. Shemeji akirudi, halii. Anacheka hata pasipo na kichekesho. Akaacha kutia pilipili kwenye chakula. Akawa anampikia uji wa ulezi asubuhi. Kwa miezi miwili nyumba ilitulia, na dada aliniambia, "Unaona? Imesaidia." Nami nilikubali, maana ilinifaa kukubali.

Jioni moja walikuwa wanakula, shemeji akasita kuchota mchuzi. Dada, kwa mapenzi kabisa, akamwambia, "Kula tu, hauna pilipili, tumbo halitakusumbua."

Akaweka kijiko chini. "Tumbo langu kakwambia nani?"

"Mama."

Akampigia mama yake pale pale mezani. Mama hajui lolote, akaanza na kuogopa, mwanangu unaumwa nini. Alipokata simu akaingia kwenye WhatsApp, akaenda palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa, akaona kifaa ambacho si chake na saa kilipotumika mara ya mwisho. Siku zote orodha ile ilikuwa pale, wazi, bila kufichwa. Nakuomba na wewe ukimaliza kusoma uende ukaitazame ya kwako. Usipokuta kitu, vizuri. Ukikuta, kiondoe, kisha kaa kimya kidogo kabla hujainua sauti, kwa sababu aliyekiweka hakutoka mbali.

Shemeji hakuinua sauti. Alikiondoa. Kesho yake akanipigia mimi.

"Shemeji, ni wewe?"

Ningeweza kukataa. Dada hakuwa amenitaja. Nikasema, "Ni mimi."

Kimya kirefu, nasikia injini ya lori inanguruma nyuma yake. Akasema, "Yale niliyomwambia bro ningemwambia mke wangu mwenyewe. Nilikuwa najiandaa tu. Mmeniwahi."

Hakunitukana, hakusema ataenda polisi. Ningejua pa kuanzia kama angenitukana. Nilimwomba radhi, akasema yameisha, na mtu mzima akisema yameisha hivyo, unajua hayajaisha.

Wapo watakaosema kwamba dada alikuwa na haki ya kujua. Nami nasema ndiyo, alikuwa nayo. Alikuwa na haki ya kujua kwamba mumewe anaumwa, na kwamba kilio chake kinasikika. Lakini haki ya kujua inadaiwa kwa mwenye habari, ana kwa ana, hata kama inachukua mwaka. Ukiichukua kwa mlango wa nyuma unapata maneno, ila unampokonya mwenzako nafasi ya kukuambia. Teknolojia nzima ya kufumba meseji imetengenezwa kumzuia mtu wa mbali. Kwa mtu wa karibu haina kinga yoyote ila ile aliyokuwa nayo Bibi: kwamba umeambiwa "hukuisoma", nawe ukakubali.

Bado wapo pamoja, nashukuru Mungu. Wana mtoto wa pili sasa, wa kiume. Dada anasema siku hizi wanazungumza kidogo zaidi kuliko zamani, kisha anasahihisha, anasema si kidogo, ni kwa uangalifu.

Idd iliyopita nilikwenda tena Tanga. Shemeji alikuwa na simu mpya. Zamani akinunua simu ananingoja mimi hata wiki mbili nimhamishie namba, picha na kila kitu, hakuwa akimwamini mtu mwingine. Safari hii niliikuta imeshawekwa sawa.

"Kijana mmoja pale stendi," akaniambia. "Elfu tano tu."

Nikasema, "Amefanya vizuri." Akanikaribisha pilau.