Mkuu wa Posta wa Kisiwani Vardø

Barua, walisema wahenga, ni nusu ya kuonana. Adam Egede-Nissen, aliyezaliwa Norway mwaka 1868, alikula mkate wake kwa barua za watu. Alikuwa mkuu wa posta wa Vardø, mji wa kisiwani katika ncha ya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, ambako majira ya baridi jua halichomozi kwa takriban miezi miwili. Kwa zaidi ya karne moja vyombo vya Warusi vilitia nanga pwani hizo kubadilishana unga kwa samaki.

Mtumishi wa serikali hutarajiwa awe mtiifu na mwenye kimya. Huyu hakunyamaza. Mwaka 1900 alichaguliwa kuingia Bungeni kwa chama cha Venstre, kisha akahamia Chama cha Wafanyakazi, kilichoasisiwa mwaka 1887. Na huko Vardø alisaidia kuvusha hadi Urusi maandishi ya wanamapinduzi yaliyopigwa marufuku na utawala wa Tsar. Mkono uliogonga muhuri wa serikali ndio uliosukuma magazeti yaliyofungiwa. Je, amana ya mtu wa posta ni kwa dola imlipayo, au ni kwa neno linalotaka kufika?

Alihamia Stavanger, akawa mkuu wa posta huko na hatimaye meya. Baada ya mapinduzi ya 1917 alisafiri hadi Urusi akakutana na Lenin. Nusu ya kuonana ikatimia.

Lakini kuonana nako kuna gharama yake. Chama kilipogawanyika mwaka 1923, alifuatana na Wakomunisti, na kuanzia 1934 hadi 1946 alikuwa mwenyekiti wao. Miaka hiyo Moscow ilikuwa ya Stalin, ikifungia maandishi na kuwafunga waandishi, na chama chake hakikuiacha mkono. Mvushaji wa maneno yaliyokatazwa akawa mtetezi wa wakatazaji.

Nyumbani kwake neno lilishika njia nyingine. Watoto wake kadhaa walikuwa waigizaji: Aud aliigiza katika filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1922, naye Gerd aliolewa na mshairi Nordahl Grieg, aliyeuawa angani juu ya Berlin mwaka 1943.

Mzee alifariki mwaka 1953. Alichovusha Vardø kilifika kilikokusudiwa. Wapokeaji walichokifanya baadaye, hakuna muhuri wa posta uwezao kukirudisha.