Kopo la Shosho

Shosho bado anadhani nasoma kemia. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokwama, na tangu hapo naandikia wateja wa Marekani makala za mitandaoni, nalipwa kwa idadi ya maneno. Kwa hivyo aliponipa kopo la unga wa mwarobaini na kusema, "Wewe ndiye msomi wetu, hebu nipimie hii," nililipokea tu. Ningesema nini?

Aliuziwa sokoni, ati unamaliza sukari. Na sukari ilishuka kweli. Mara mbili asubuhi alikutwa anatetemeka, amelowa jasho, maneno hayashikani. Kliniki humpa metformin, na hiyo ikiwa peke yake si rahisi imfikishe hapo.

Wiki hiyohiyo mteja alitaka maneno 1,500 kuhusu kisa cha New York cha mwaka 2015. Mwanasheria mkuu wa jimbo alitumia kipimo cha DNA kuchunguza vidonge vya mitishamba kutoka maduka manne makubwa. Ni asilimia 21 tu ya vipimo vilivyoonyesha mmea ulioandikwa kwenye chupa. Mteja alikuwa tayari na kichwa: wizi mtupu. Pesa ya haraka hiyo, nikajiambia.

Halafu nikasoma wataalamu waliompinga. Vidonge vingi vya aina hiyo si majani matupu. Mmea huloweshwa kwenye pombe au maji moto, hukamuliwa, huchujwa, hukaushwa. DNA huvunjika njiani au hubaki kwenye makapi, huku kemikali ya mmea ikipita salama. Na kipimo chenyewe ni kikali: kinaweza kunasa mchele uliowekwa kujazia kidonge tu. Walitaka kemikali zenyewe zipimwe, kwa kromatografia. Wengine wao walikuwa upande wa wenye viwanda, sawa, lakini kuhusu pombe hawakukosea.

Nikaliangalia kopo. Unga wa Shosho ni majani yaliyosagwa, DNA tele. Maabara ya New York ingeupa cheti safi: mwarobaini. Lakini mtu akisagia glibenclamide humo ndani, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, kipimo cha DNA hakitaona kitu. Dawa yenyewe haina DNA. Na mchezo huo upo; wadhibiti wa nchi kadhaa wamewahi kuikuta kwenye dawa zinazouzwa kama za asili.

Nikampigia mwanadarasa mwenzangu aliyemaliza, sasa yuko maabara. Swali lake la kwanza: "Unatafuta nini?" Bila jina la kitu, alisema, hawezi hata kuanza. Nikamtajia. Jioni moja aliyeyusha unga kidogo, akaudondoshea kwenye kibamba chenye silika, kando akaweka tone la glibenclamide halisi, akaacha kimiminika kipande. Chini ya taa ya urujuanimno, doa moja la Shosho lilisimama usawa na lile halisi.

"Usishangilie," akasema. "Vitu viwili tofauti vinaweza kusimama pamoja. Hadi mashine kubwa ithibitishe, hili ni doa tu." Mashine ina foleni, na ina bei. Malipo ya makala yangu hayafiki nusu.

Mteja nilimwandikia makala nyingine, si ile ya kichwa chake. Hajajibu.

Nikampigia Shosho: aache unga leo, arudi kliniki na awaambie kila kitu.

"Mmepima huko chuoni?" akauliza.

"Hapana, Shosho. Si chuoni."