Mstari wa Juu wa Andalio

Wiki niliyokuwa nakabidhi ofisi ili nistaafu, mwalimu kijana alinionyesha kwenye simu yake maandalio ya somo aliyonunua steshenari. Muhula mzima, yamejazwa mpaka sehemu ya maoni. Kipindi cha wiki ya nane, ambacho hajakifundisha, tayari kina maneno haya: zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo. Nikaona nisipoandika sasa, sitaandika tena.

Nilizaliwa Newala mwaka 1965, mtoto wa mkulima wa korosho. Mwaka 1978 nilikuwa darasa la tano. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE kwa kifupi cha Kiingereza, ulikuwa umejaza watoto madarasani, na tukaletewa mwalimu wa UPE, kijana aliyemaliza darasa la saba, anafundisha huku naye akifunzwa ualimu papo hapo. Walimu hawa walidharauliwa mno. Hata leo wapo wanaowabeza, na baadhi yao walifundishwa kusoma na walimu haohao.

Huyu wetu alikuwa na daftari la makosa. Jioni alichukua madaftari yetu machache, akaandika humo tulichokosea, bila kutaja majina. Nakumbuka 52 kutoa 37. Wengi tulipata 25. Hakuandika kwamba hatujaelewa. Aliandika kwamba tunatoa 2 kwenye 7 kwa kuwa 2 ni ndogo. Kesho yake akaja na vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Akafungua fungu moja mbele yetu: makumi manne yakabaki, mamoja yakawa 12. Akaondoa saba, vikabaki vitano; akaondoa mafungu matatu, likabaki moja. Kumi na tano. Somo alilokuwa amelipanga kwa siku hiyo lilisubiri.

Nilisoma ualimu, nikafundisha, kisha nikahamishiwa kazi ya kuwaandalia walimu fomu za azimio la kazi na andalio la somo. Ulipoingia mtaala wa 2005 wa kujenga umahiri, ilibidi fomu zote zipangwe upya. Hapo ndipo tulipovutana na mkubwa wangu.

Hatua za somo hazikuwa na ugomvi: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, tathmini. Mvutano ulikuwa kwenye maoni. Yako chini kabisa ya ukurasa, mwalimu anayafikia kengele imeshalia na darasa jingine linamsubiri, na andalio la kesho halimuulizi chochote juu ya maoni hayo. Nilipendekeza mstari mmoja juu, chini ya mahudhurio ya wavulana na wasichana: kosa lililoonekana kipindi kilichopita. Huwezi kuujaza bila kufungua madaftari. Ili kupata nafasi, niliondoa rejea, maana zimo tayari kwenye azimio la kazi. Ya nini kumnakilisha mwalimu kitu kilekile kila siku?

Mkubwa wangu alisema kuandika kosa kutawaaibisha walimu mbele ya wakaguzi. Nilimjibu kwamba mtoto anayekosea kwa njia ileile kila mara ana kanuni kichwani, na mwalimu asiyeijua kanuni hiyo atarudia somo lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Fomu ilichapwa bila mstari wangu. Rejea zikarudishwa, maoni yakaongezewa nafasi. Mpaka leo nasema uamuzi ule ulikuwa mbaya, na maandalio yanayouzwa steshenari ni matunda yake: fomu inayoweza kujazwa kabla ya somo itajazwa kabla ya somo.

Sasa kuna mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika 2024, na vijana mnaniambia darasa la watoto 120 haliruhusu mambo haya. Linaruhusu. Chukua madaftari kumi, ya mbele, ya katikati na ya nyuma kabisa, maana huko nyuma ndiko usikofika. Tazama swali moja tu. Tafuta njia ya kukosea inayojirudia, uiandike kwa kalamu juu ya andalio la kesho, hata kama fomu haina mstari huo. Andika mtoto anafanya nini. Usiandike kwamba hajui. Somo likichelewa kwa ajili hiyo, eleza kwenye azimio lako. Mthibiti ubora wa shule akiuliza, mpe madaftari hayo kumi ayasome.