Habari Mbichi, Habari Iliyochacha

Wacha niwape story moja ya vita. Tarehe 13 Agosti 1940, jeshi la anga la Ujerumani lilipanga kuvamia Uingereza asubuhi na mapema. Hali ya hewa ikawa mbaya, wakubwa wakaamua watu warudi. Shida ni kwamba ndege za mabomu za Johannes Fink zilikuwa tayari angani, na ule ujumbe haukumfikia. Ndege za kumlinda ziliupata. Lakini zitamwambiaje? Redio zao hazikuwa zinaskizana na zake. Basi mlinzi mmoja akaanza kurukaruka mbele ya Fink, kama mtu anapungia matatu ishapita. Fink hakuelewa. Akaenda hadi Eastchurch bila ulinzi, na ndege zake kadhaa zikaangushwa.

Watu walikufa juu ndege zilizokuwa zinaonana hazikuweza kuambiana neno moja, "rudi". Manze, hiyo kitu imenikaa kichwani.

Huwa tunaambiwa Waingereza walishinda mwaka huo juu walikuwa na rada. Ni kweli, lakini kumwona adui ni nusu ya kazi. Lazima umwambie rubani. Redio ya TR9, iliyokuwa kwa Spitfire na Hurricane nyingi, ilifika kama kilomita 55 hivi kutoka ardhini. Yaani uongee ukiwa Nairobi, mwenzako akipita Thika kidogo amekupotea. Mmoja akibonyeza kuongea, wengine wote wa kikosi wananyamaza. Halafu kulikuwa na kifaa kinaitwa Pip-Squeak: sekunde 14 za kila dakika, redio ya ndege moja ilitoa mlio tu, ndio watu wa chini wajue kikosi kiko wapi. Hizo sekunde 14, rubani huyo hasemi kitu.

Na habari yenyewe ilikuwa inazeeka. Ndege ikienda kilomita 300 kwa saa, inasonga kilomita 5 kila dakika. Ripoti ya dakika 5 zilizopita imekosea kwa kilomita 25! Kwa hivyo kwenye zile meza kubwa za ramani, walitumia alama za rangi zilizofuata saa ya ukutani, rangi ikibadilika kila dakika 5. Msimamizi akiangalia tu, anajua hii habari ni mbichi ama imechacha.

Hapo ndipo huu mfumo unanibamba: haukujifanya unajua kila kitu. Maneno yalikatwa yakawa machache. "Angels 15" ni futi 15,000 juu. "Pancake" ni njoo utue. Na kiongozi wa kikosi akishamwona adui, anaita "Tally-ho", na msimamizi anamwachia. Aliye na macho pale ndiye anaamua.

Sasa angalia sisi. Tuko na simu inafika dunia nzima, na bado tunadhani shida yetu ni bando. Mimi kazi yangu ni video, naishi mtandaoni, na naona vile mambo huenda. Picha ya mtoto aliyepotea inazunguka grupu tano. Haina tarehe, haina mahali. Huyu amepotea leo asubuhi, ama alirudi nyumbani kitambo na mtu amezoea kuforwadi tu? Hujui, so unapita. Mimi pia sina njia ya kujua. Na tukishazoea kupita, yule aliyepotea leo kweli atatafutwa na nani?

Si lazima tunyamaze. Lakini kabla hujabonyeza kutuma, weka tarehe, saa na mahali. Mtoto akipatikana, rudi kwa grupu hiyo hiyo useme amepatikana. Wale wa 1940 walifanya hivyo na redio ya kilomita 55. Sisi tunashindwa na nini?