Kioo Kilichozimika

Katika nyumba nyingi ugomvi huingia kwa mlango mdogo. Kwetu uliingia kwa kioo cha gari, kioo kisichozidi upana wa sahani ya wali.

Sisi ni mke na mume, wakazi wa Mombasa, tuna watoto watatu. Mama ni muuguzi, baba ni mwalimu. Miaka miwili iliyopita tuliuza gari letu la petroli, tukaongezea akiba kidogo, tukanunua gari la umeme lililotumika, lililotoka Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo letu halikuwa kuukuu sana, ingawa jipya pia halikuwa. Tulilipenda upesi. Tunalichaji nyumbani usiku, halidai petroli wala oili ya injini, nalo hutupeleka kwenye zamu za usiku. Kila Jumamosi hutusaidia kuwachukua wazee wa kanisa letu wanaokwenda kupimwa presha na sukari.

Kasoro yake moja ilikuwa lugha. Kioo cha katikati ya dashibodi, kile cha redio, ramani na kamera ya nyuma, kilijua Kijapani tu. Ramani yake haikuwa na Likoni wala Nyali. Redio ilikamata masafa ya Japani, yaani 76 hadi 95, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Fundi alituwekea kifaa kidogo kwenye waya wa antena, redio ikaanza kusikika. Hayo mengine tuliyazoea. Kila maneno ya Kijapani yalipotokea kwenye kioo, tuliyatazama kama unavyotazama mvua kwa mbali, tukaendelea na safari.

Kisha kioo kikaanza kuugua. Kwanza kilichelewa kuwaka. Baadaye kikawa kinazimika na kujiwasha chenyewe njiani. Gari liliendelea kwenda vizuri, kwa sababu kompyuta inayoendesha mota na breki si ile ya kioo. Basi tukasema si neno, tutashughulikia siku nyingine. Ndivyo tunavyofanya hata na jino linalouma kidogo.

Siku nyingine ilikuja jioni moja ya Jumapili, katika uwanja wa kanisa. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Tuliingiza gia ya kurudi nyuma, tukasubiri picha kwa mazoea, kioo kikabaki cheusi, nasi tukaanza kurudi polepole tukidhani picha itakuja. Mara tukasikia kishindo cha kiganja juu ya buti. Alikuwa mlinzi. Nyuma ya gurudumu, hatua moja tu, alikuwa amechutama mtoto wa miaka minne akiokota ndala yake. Hakuwa amesikia kitu, maana gari la umeme halina mngurumo.

Hakuumia. Mama yake alimchukua, akatuambia, "Mungu amesaidia," wala hakutulaumu. Sisi tulikaa garini bila kuzungumza hadi mikono ilipoacha kutetemeka. Sisi wauguzi tumewahi kumpokea mtoto aliyegongwa na gari la nyumbani kwao wenyewe, linaendeshwa na mtu anayempenda. Hatukuhitaji kueleza mengi siku ile. Tulikubaliana kioo lazima kishughulikiwe.

Ila hatukukubaliana namna gani.

Mmoja wetu, na wasomaji mtakisia ni yupi, alitaka king'olewe kabisa, tuweke kioo kipya kikubwa kinachojua Kiswahili na Kiingereza, kinachoshirikiana na simu na kuonyesha ramani ya hapa. Bei dukani, pamoja na kifaa cha kuunganisha kamera ya zamani na kazi ya fundi, ilikuwa shilingi 48,000. Mwingine alitaka kile cha zamani kitengenezwe. Akiba yetu ilikuwa shilingi 60,000, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa anangoja karo ya kuingia shule ya upili.

"Utatengeneza kitu cha zamani mara ngapi?" aliuliza baba watoto.

"Na wewe utanunua kipya mara ngapi?" tukamjibu, na hapo tulikuwa hatuzungumzii kioo tena. Tulikuwa tunazungumzia televisheni iliyoingia nyumbani mwaka uliotangulia bila mtu kuulizwa. Siku tatu tulipitishiana chumvi mezani kama wageni.

Siku ya nne tulifanya jambo ambalo tungelifanya mapema. Wodini hakuna anayekata mguu kabla ya kupima. Tukasema, hebu gari nalo lipimwe kwanza. Tulimpata kijana fundi wa umeme wa magari, tukamwomba asituuzie kitu chochote siku hiyo, atuambie tu ugonjwa.

Alianza mahali ambapo hatukutazamia. Gari la umeme, mbali na betri kubwa ya kuliendesha, lina betri ndogo ya volti 12, kama magari mengine. Hiyo ndiyo inayoamsha taa, kufuli na kompyuta. Ikiwa nzima na imepumzika, husoma karibu volti 12.6. Yetu ilisoma chini ya 12. Umeme ukipungua hivyo, kioo huzimika na kujiwasha ovyo. Tulibadilisha betri kwa shilingi 9,500, kioo kikapata nafuu, nasi tukafurahi.

Baada ya wiki tatu kikazimika tena. Ndipo fundi akasema mgonjwa wetu ana magonjwa mawili, na la pili ni chipu ya kumbukumbu. Alitueleza kwa mfano wa daftari la shule. Ukiandika kwa penseli, ukafuta, ukaandika tena mahali pale pale, mwishowe karatasi hutoboka. Kompyuta ya kioo huandika na kufuta kila siku, na chipu yake ina idadi ya mara inazoweza kuvumilia. Si ugonjwa wa gari letu peke yake. Huko Marekani mwaka 2021 kampuni ya Tesla ilirudisha kwa matengenezo magari yapatayo 135,000 ya miaka ya 2012 hadi 2018, kwa sababu chipu za gigabaiti 8 zilikuwa zikichakaa hivyo, na zikichakaa picha ya kamera ya nyuma hupotea. Waliweka za gigabaiti 64. Gari letu si la kampuni hiyo, lakini ugonjwa ni wa ukoo mmoja.

Sasa tulikuwa na jambo la kulinganisha badala ya la kugombania. Kubadilisha chipu na kuhamishia humo yaliyomo katika ile ya zamani, kabla haijakufa kabisa, kungegharimu shilingi 15,000. Kioo kingebaki cha Kijapani. Tungebaki pia na saa ya kuchaji, ambayo kwetu ni muhimu. Gari huanza kuchaji saa saba usiku, pampu ya maji na pasi zikiwa zimepumzika, na umeme wa nyumba haukatiki. Katika gari letu mipango hiyo imo ndani ya kioo kile kile. Ukikitoa, nayo hutoka. Fundi alituonya pia kwamba kioo kipya kikiunganishwa vibaya huendelea kunyonya betri ndogo hata gari likiwa limelala, na tungerudi tulikoanza.

Baba watoto alikuwa na neno moja ambalo hatukuweza kulipinga. "Hatuwezi kuishi na kitu kinachozungumza nasi na hatukielewi," alisema. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Akachukua simu, akaielekeza kwenye kioo ambacho jioni ile kilikuwa kimeamka, gari likiwa katika gia ya kurudi nyuma. Chini ya picha kulikuwa na mstari wa maandishi ambao tumeuona maelfu ya mara. Simu ikautafsiri: tafadhali hakikisha kwa macho yako mwenyewe pande zote.

Tulinyamaza sote. Miaka miwili, kila tuliporudi nyuma, kioo kilikuwa kinatuomba tusikitegemee.

Basi uamuzi ulitoka hapo. Tulitengeneza cha zamani, na picha ya kamera ikarudi. Marekani tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya lazima liwe na kamera ya nyuma, nasi hatukutaka kuendelea bila yetu. Lakini tuliweka pia sheria ya nyumba: kabla ya kuondoa gari, mmoja wetu hulizunguka kwa miguu, na watoto husimama mahali tunapowaona. Vilevile tulikaa na simu jioni moja, tukatafsiri kila ukurasa wa kioo kile, tukaandika maana zake kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kisanduku cha dashibodi. Kwa ajili ya ramani, baba watoto alijinunulia kishikio cha simu kwa shilingi 800. Safari hii aliuliza kwanza, nasi tukamwambia anunue kizuri.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku hiyo, na kioo hakijazimika. Karo ililipwa kwa wakati. Hatusemi kutengeneza ni bora kuliko kununua siku zote. Kama ubao wote wa kompyuta ungekuwa umeungua, au kama kamera isingerudi, tungenunua kipya bila kusita.

Akina mama wenzetu, kama kitu cha namna hii kimeharibika kwenu, iwe gari au jokofu, ulizeni kwanza ni kipande gani hasa kinachougua, na kama kuna kidogo cha bei nafuu cha kupimwa kabla yake. Ulizeni kipya kitaondoka na kitu gani mlichokizoea. Na mwulizane nyinyi kwa nyinyi, taratibu, kama mnabishana juu ya kitu hicho au juu ya kingine cha mwaka jana.

Mtoto yule wa ndala sasa hutuona tukilizunguka gari kila Jumapili. Wiki iliyopita alikuja kulizunguka pamoja nasi, ameushika mkono wa mama yake.